Diski Iliyokohoa

Mshonaji alikuwa anapiga pasi gauni la mteja aliposikia mtu anakohoa koridoni. Kikohozi kidogo, kikavu, cha mtoto. Akaiweka pasi kando, akaenda kutazama. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na sava tu, lile sanduku jeusi ambalo mume wake alilinunua ili picha zote za familia zikae mahali pamoja. Taa yake, ambayo siku zote ilikuwa ya kijani, ilikuwa nyekundu.

Akampigia kaka yake, fundi wa kompyuta.

"Kaka, njoo. Sava inakohoa."

"Ipe dawa ya kifua," kaka akacheka. Kisha akakumbuka. Binti wa dada yake, waliyemwita Kipepeo kwa vile alikuwa hatulii mahali, alikufa kwa kifua, na video zake zote zilikuwa humo. "Nisamehe, dada. Nakuja. Usiguse kitu."

Alifika na diski mpya kwenye begi.

"Humu mna diski mbili, zimebeba vitu vilevile," alimweleza. "Moja inakufa. Naitoa, naweka mpya, halafu ile nzima inainakilia kila kitu. Hupotezi hata picha moja."

Akazima sava, akachomoa waya ukutani, akalegeza skrubu. Diski mbovu akaiweka mezani, pembeni ya cherehani. Ikakohoa.

Wakatazamana. Haikuwa imeunganishwa na chochote.

"Chuma kinapoa tu," alisema fundi. Lakini alipoigusa, ilikuwa na baridi kama kitu kilichotoka kwenye barafu.

Akapachika ile mpya, akawasha. Sava ikaanza kunakili, na hapohapo korido ikajaa harufu ya dawa ya kuchua, ileile waliyokuwa wakimpaka Kipepeo kifuani.

"Unasikia harufu?" dada alinong'ona.

"Sisikii kitu," alidanganya.

Ili ajitulize, fundi alifungua video moja kwenye kompyuta yake. Kipepeo alikuwa anakimbia uani, anacheka. Nyuma ya nguo zilizoanikwa alisimama mtu mrefu, amewapa mgongo.

"Huyo nani?"

"Hakuwepo," dada alisema. "Video hii niliipiga mwenyewe."

Akafungua nyingine, na yule mtu alikuwa nyuma ya pazia la chumbani, amegeuka upande; akafungua nyingine tena, na sasa alikuwa karibu na kitanda, amegeuka zaidi, mikono yake mirefu imening'inia kupita magoti, na Kipepeo, ambaye katika video hiyo alikuwa akiimba tangu mwanzo hadi mwisho, alikuwa ameacha kuimba na kumkodolea macho, huku kwenye spika ikitoka sauti ambayo haikulingana na midomo ya yeyote aliyeonekana pale.

"Mama, nirudi? Nimekaribia."

Dada akapiga magoti mbele ya sanduku. Fundi akamshika bega.

"Dada, sikiliza. Kipepeo alikuwa anasema 'niludi'. Huyu anatamka vizuri kuliko mimi. Nachomoa waya."

"Na video?"

"Bado inanakili. Nikiikatiza sasa, huenda zikapotea zote."

"Basi usiguse."

Fundi akampigia shangazi yao, aliyejulikana kwa kutoa majini. Bibi huyo alifika mikono mitupu, akaketi sakafuni, akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini, akasoma na kusoma mpaka sanduku likatetemeka, vioo vya madirisha vikaanza kulia, na mle ndani ikatoka sauti nzito isiyo ya mtoto wala ya mwanamume.

"Sikujileta. Nilikaribishwa. Alikuwa akikaa hapa, akilia, akisema: njoo, hata kama si wewe, njoo."

Shangazi akageuka taratibu. "Mwanangu, ulisema hivyo?"

Mshonaji aliinamisha kichwa.

"Basi mimi simwezi. Aliyekaribishwa na mwenye nyumba hutolewa na mwenye nyumba. Mwambie aondoke. Neno moja tu, mwanangu, nami nitamfukuza mpaka asijue pa kurudi."

Mshonaji akafumbua mdomo.

"Mama," ile sauti iliita, safari hii kwa ulimi mzito wa kitoto, "niludi?"

Fundi alirudi nyuma hatua moja. Ilikuwa imejifunza.

"Najua si yeye," alisema dada yake, machozi yakimtiririka. Akafumba mdomo, na lile neno la kumfukuza hakulisema. Taa ya sava ikageuka kijani. Shangazi alinyanyuka, akamshika fundi mkono, akamtoa nje bila kuaga.

Mume aliporudi kutoka kazini alimkuta mkewe kwenye cherehani, anaimba chini chini. Hakuwa amemsikia akiimba tangu mazishi, na moyo wake ukafurahi.

"Gauni la nani hilo?"

"La Kipepeo."

Akasogea atazame. Kiuno kilikuwa cha mtoto. Lakini mikono ya lile gauni iliporomoka kutoka mezani, ikatambaa sakafuni, ikapita mlango na kuishia koridoni, kwenye giza.

"Mke wangu, mbona mikono iko hivi?"

Hakuinua macho kwenye sindano.

"Amekua," alisema.