Ufunguo wa Pili Nilimpa Mwenyewe

Mkono wangu ulikuwa ndani kabisa, kwenye feni ya greda... injini ikawaka!

Jamani! Nilijirusha nyuma nikaanguka chali kwenye sakafu ya karakana. Mkono upo. Ila kipande cha ovaroli kilibaki kwenye feni, kimechanika vibaya!

Nikainua macho kwenye kiti cha dereva.

Aliyewasha ni mchumba wangu! Tunasoma darasa moja.

Mwalimu wetu, tunayemwita Mama Spana, akaja mbio.

"Nani kawasha?!"

"Mimi, mwalimu." Mpole kama maji ya mtungi! "Swichi ilikuwa wazi, nikajua keshamaliza. Mara ngapi namwambia afunge kufuli lake!"

Mimi?!

Mwaka wa tatu nasomea matengenezo ya mitambo mizito. Sijawahi kuingiza hata kidole kwenye mashine bila kuzima swichi kuu ya betri na kuifunga kwa kufuli!

Kufuli likaokotwa chini ya tairi. Zima.

"Halijavunjwa," Mama Spana akasema. "Ufunguo uko wapi?"

"Huu hapa, shingoni."

"Basi hukufunga. Mtihani wa kesho hufanyi."

Wasomaji wangu, hapo ndipo nilipoelewa...

Kila kufuli lina funguo mbili. Wa pili lazima ukabidhiwe stoo. Mimi niliwadanganya kwamba umepotea. Nilimpa yeye, siku aliyonivisha pete! Nikajiona nimependa kweli, kumbe zezeta!

Nikisema, nimekiri kosa la kufukuzwa chuo. Nikinyamaza, naitwa mzembe.

Nikamtazama.

Akanikonyeza!

Damu ikachemka. Potelea mbali!

"Mwalimu, msachi mifukoni! Anao ufunguo wangu wa pili. Nilimpa mimi mwenyewe!"

Mama Spana akampekua.

Ufunguo ukatoka mfukoni mwa shati lake. Jasho likaanza kumtiririka.

"Nilitaka ushtuke tu!" akabwabwaja. "Mama hataki mkwe anayenuka dizeli. Nilijua ukiogopa utaacha hii kozi. Nimefanya kwa upendo!"

"Upendo?! Ungenipeleka kwa mama yako na mkono mmoja?"



Yeye alifukuzwa siku ileile. Mimi, kwa kuwa nilikiri mwenyewe, nikasimamishwa muhula mzima. Nililia ofisini kwa Mama Spana, nalia kwa hasira mpaka kamasi.

"Mkono unao. Unalilia nini?"

"Mwalimu, hujui inavyouma!"

Akafunga mlango. Akavua glavu ya kushoto taratibu...

Vidole viwili havipo!

"Na mimi nilimwachia mchumba wangu ufunguo," akasema. "Alikuja kulia wodini. Eti alitaka nishtuke tu."

"Ukamfanyaje?"

"Nikamsamehe... nikaolewa naye."

Nikaacha kulia.

"Miaka kumi na tisa sasa. Kila asubuhi ananifunga vifungo vya shati, halafu ananiuliza, 'Bila mimi ungefanyaje?' Vifungo naweza kufunga mwenyewe! Ila nishachoka kubishana."

Akavaa glavu yake, akanisogezea tishu, akarudi kusahihisha madaftari kama hajasema kitu.

Nilitoka pale, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa kina mchumba wangu.

Pete nilimrudishia mama yake mkononi. Nikamwambia, "Mkwe anayenuka dizeli anakusalimia!" Nikaondoka.

Dada zangu, na nyie kaka zangu pia... anayekuumiza ili umtegemee hakupendi! Usisubiri akuambie mara ya pili kwamba alitaka ushtuke tu. Ondoka ungali mzima.