Niliibadili Init, Theoneste Akafungwa Kamba

"Mwizi wa majina ni huyu!"

Nilimnyooshea kidole Theoneste, mwenzangu wa kazi. Mgambo wakamfunga kamba palepale, ofisini kwetu Bugene.

Jamani, mimi niliyesema hivyo niliogopa kuliko yeye!

Desemba 1996, wakimbizi Wanyarwanda wanarudishwa kwao. Tulikuwa tunatunza majina ya watoto waliopotezana na wazazi, kwenye kompyuta inayoendeshwa kwa Linux. Asubuhi ile nawasha... orodha tupu! Watoto mia nne, hakuna hata mmoja!

Mbele yangu kasimama mkimbizi mmoja, Mama Mukandekezi.

"Mwanangu, nitafutie Celestin wangu. Lori linaondoka saa sita."

Saa tano ilishapita.

"Nani kafuta?" Egbert, mkuu wa mgambo, akafoka.

Nikaogopa. Nikamtaja Theoneste. Kazaliwa Ihembe, hapahapa kwetu, lakini wazazi wake Wanyarwanda. Nani angemtetea?

"Naye apande lori!" Egbert akaamuru.

Theoneste akageuka mlangoni. "Anatolia! Washa kwa ile ya zamani!"

Nikaelewa papo hapo.

Sasa niwaambie nilichoficha. Ukiwasha kompyuta ya Linux, programu ya kwanza kuamka ni init. Ndiyo inaamsha nyingine zote na kufungua diski. Yetu ilikuwa inajikongoja, dizeli ya jenereta inateketea bure. Jana yake nikaweka init nyingine, nyepesi, aliyoniachia fundi Byarugaba. Sikumwambia mtu. Ilivyowaka haraka, nikajiona mjanja!

Nikazima. Nikawasha kwa init ya zamani. Ikajikongoja... ikajikongoja... Mungu wangu, lori linanguruma nje!

Majina hayo! Yote!

Yalikuwa kwenye diski ya pili. Init mpya haikuambiwa iifungue, na wa kuiambia nilikuwa mimi.

"Celestin, miaka sita. Yuko Kiruruma, kwa Mzee Rwegoshora," nikasoma.

Mama Mukandekezi akapiga magoti. "Yu hai! Lori na liende, mimi sipandi!"

Nikatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki njiani.

"Mshusheni! Ni mimi! Kosa ni langu!"

Egbert alinitazama kwa dharau, kisha akamfungua.

"Ulijuaje?" nikamuuliza Theoneste.

"Jana nilikuona ukiibadili."

"Mbona hukunitaja?"

"Wangekufunga wewe, dada."

Nililia pale barabarani, watu wananitazama.

Ndugu zangu, ukikosea, sema "ni mimi" mapema. Usimtwishe asiye na mtetezi. Mimi nilichelewa nusu saa tu, na alama za kamba zilikaa mikononi mwa Theoneste mpaka Pasaka.