Kikohozi cha Mama Gloriose

Hebu fikiri chumba cha matofali ya udongo katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mwaka 2011, saa saba mchana, bati linalia kwa joto. Aristote, kijana wa Bukavu anayerekodi kwaya, ameketi mbele ya kompyuta na hedifoni masikioni. Anasikiliza mahali ambapo wimbo umenyamaza kabisa. Na humo ndani mtu anakohoa.

Kikohozi hicho alikijua.

Miezi minne nyuma kwaya ilirekodi CD ya kupelekwa Burundi, ili ndugu waliobaki wasikie sauti na kujua nani bado yu hai. Mama Gloriose, mmoja wa wanakwaya, aliimba kwa sauti ya kukwaruza, akikohoa kati ya beti. Aliomba jambo moja tu: binti yake Bella, aliyebaki Burundi, amsikie.

Aristote aliona anaharibu kazi. Programu yake ilijua kuondoa kelele: unaionyesha kelele mara moja, nayo inaifuta kila inapotokea. Yeye aliionyesha sauti ya Mama Gloriose. Kisha akafuta na rekodi ya awali, maana nafasi kwenye kompyuta ilikuwa ndogo. Mama alipouliza, alimjibu, "Uko ndani, mama. Unasikika muzuri."

Bella aliisikiliza CD mara tatu, akawatambua wote isipokuwa mama yake, akaweka matanga. Habari zilipofika Dzaleka kwamba mtoto wake amemlilia, Mama Gloriose hakumlaumu mtu. Alijilaza tu, na kabla ya msimu wa mvua kwisha akafa.

Sasa kikohozi kilikuwa katika kila rekodi, ya harusi, ya mahubiri, hata tangazo la duka la Nsungwi pale kambini. Aristote alikifuta, kikarudi karibu zaidi, na pamoja nacho ikaja harufu ya moshi wa kuni mbichi, ile ya kitenge cha Mama Gloriose, ikajaa chumba ingawa mlango ulikuwa wazi na watoto walikuwa wakicheza nje, na ule mstari wa sauti uliolala kwenye kioo ukaanza kuinuka na kushuka taratibu kama kifua cha mgonjwa, mpaka akasikia, si kwenye hedifoni bali nyuma ya shingo yake:

"Umenitoa. Sasa niende wapi?"

Alikimbilia kwa Mama Antoinette, ambaye huombea wenye mapepo, akamweleza yote. 

"Mi siwezi kufukuza mutu mwenye we ulishafukuza," alisema yule mama polepole. "Umupeleke kwa mutoto wake."

Basi Aristote akajirekodi akikiri: mama yako aliimba, mimi nilimfuta, kisha nikamdanganya. Hakusafisha neno hata moja. Akamtumia Bella rekodi hiyo, na chumba chake kikatulia.

Baada ya wiki mbili Bella akapiga simu. Hakusema amesamehe. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Pale uliponyamaza, kuna mtu anakohoa. Na tangu nimsikie, nyumba yangu inanuka moshi. Ni yeye?"



Nawe, siku sauti ya mtu itakapokuwa mkononi mwako, nakuomba ukumbuke hili: kabla hujaifuta, uliza nani anaisubiri.