Kuamua Nini, Mama Mudogo?

Habari hii alinieleza mama Berthe, muuguzi wa Butembo, mwaka wa pili wa vita, tulipokuwa tukichambua maharage nyumbani kwake.

Jioni moja alikuwa amepita kwa Julie, mama mjamzito, kumpima mimba. Uani, Séphora, bintiye Julie mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo, kama kawaida. Alitwanga kidogo, akapumzika kidogo, maana alizaliwa na SS, ugonjwa wa damu wa kurithi, unaochosha mwili na kuuma mifupa. Ndani, Christa, mdogo wake Julie, mwuza vitenge, alikuwa akisema:

— Dada, twende Nairobi. Kule banatoa maji kidogo ku tumbo, banaona kama mutoto ako na SS. Ukijua mapema, utaamua.

Mchi ukanyamaza. Séphora akaingia, mikono imejaa majani.

— Kuamua nini, mama mudogo?

Christa akatazama chini.

— Wewe ni mutoto. Rudi ku kazi yako.

— Hapana. Kuamua asizaliwe mwingine kama mimi?

— Séphora! Mwaka jana nilikubeba ku mugongo, masasi inalia, tunatafuta mutu wa kukupa damu. Umesahau?

— Sijasahau. Mifupa ni yangu! Damu ilipatikana, na niko hapa, ninakutwangia sombe yenye utakula!

Mama Berthe akabana kicheko. Séphora hakuwa amemaliza.

— Akiwa mwanaume, ni Kambere. Nani alingoja kipimo ili kumupa jina?

Julie alikuwa na mvulana mmoja tayari, na kwetu mvulana wa pili ni Kambere, awe na nguvu au asiwe nazo.

Julie akainuka.

— Nairobi hapana. Christa, ulimubeba mutoto wangu, sitasahau. Lakini huyu nitamuzaa. Mama Berthe, akizaliwa, utamupima?

— Wiki ya kwanza. Na musikie wote: SS inatoka kwa baba na mama pamoja, kwa hiyo hakuna wa kulaumu. Kujua ni kuzuri, tupate kumutunza mutoto mapema, kwa maji mengi, chandarua na dawa. Vibaya ni kumufanya mutu ajione kosa.

Christa akamwomba Séphora msamaha. Wakala.

Wanajeshi walikuwa wamekataza watu kutembea usiku, basi mama Berthe akabaki. Christa ndiye aliyekoroma kwanza, kisha Julie. Séphora, katikati yao, akavuta blanketi lote upande wake, akalala.