Huyu Si Kitoweo

Treni ya Kigoma iliingia Tabora asubuhi ile ikiwa imechelewa kama kawaida yake, na jukwaa la stesheni lilikuwa limejaa hata pa kuweka mguu hapakuonekana. Koleta alikuja kupokea furushi la dagaa kutoka kwa binamu yake. Alivaa gauni la kitenge cha kijani alilolishonesha kwa ajili ya sikukuu ya Noeli na viatu vya raizoni, vya soli nene, ambavyo bado vilikuwa vinambana vidole, na begani alitupia khanga kwa ajili ya manyunyu. Alikuwa opereta wa simu pale posta, na kazi ya kuunganisha watu kutwa ilimzoesha kuamini kwamba jambo lolote la maana huja kwa waya. Siku hiyo, mwanzoni mwa mwaka wa sabini na tatu, lilikuja kwa debe.

Debe lenyewe lilibebwa na kijana mrefu aliyevaa suruali pana ya bugaluu ya kahawia iliyolowa hadi magotini. Mama mmoja mwenye tenga la ndizi alimkumba, gunia lililofunika debe likachomoka, na kambare wa urefu wa mkono akaruka, akaangukia saruji na kuanza kujivuta kwa mapezi kuelekea relini.

"Kitoweo! Kitoweo kinakimbia!" watu walipiga kelele, na wapagazi wawili wakainama kwa pamoja wakagongana vichwa.

Koleta alizaliwa Puge, kando ya majaruba ya mpunga, na alijua kambare hashikwi kwa pupa kwa sababu ya ile miiba ya mapezini. Alimtupia khanga, akamkamata nyuma ya kichwa, akamwinua.

"Dada, tafadhali usimpige!" kijana alisema akihema. "Huyu si kitoweo."

"Kama si kitoweo ni nini? Abiria?"

"Namfuga."

"Unamfuga umle lini?"

"Simli. Namfuga tu. Namtazama."

Koleta aliangua kicheko mpaka akakaribia kumwangusha samaki. "Wewe kaka ni mtu wa wapi?"

"Kwetu Kipalapala. Naitwa Ambrosi, fundi wa mabehewa hapa reli. Na khanga yako nimeiharibu. Nipe nikaifue."

"Mwanamume unifulie khanga?"

"Ute wa kambare hautoki kwa sabuni peke yake. Unasugua kwa chumvi kwanza. Mimi nimezoea."

Aliifua kweli, akaipeleka posta ikiwa imepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Tangu hapo simu za reli zikawa nyingi kuliko shughuli za reli zilivyohitaji.

"Posta Tabora, nikuunganishe wapi?"

"Niunganishe na mwenye khanga."

"Ndugu, huyo anatumika."

"Nitangoja."

"Ukingoja mno laini inakatwa."

"Ikikatwa nakuja kwa miguu, mpenzi."

Naye alikuja. Jumapili baada ya misa walikwenda nyumbani kwake, kwenye nyumba za reli, na hapo Koleta akaliona tangi. Ambrosi alikuwa ameliunda mwenyewe kwa vioo vya mabehewa yaliyokufa na fremu ya chuma, refu kama kitanda cha mtoto. Samaki alimwita Balozi. Sababu ilikuwa sharubu zake, na tabia yake ya kuja kwenye kioo kumkagua kila aingiaye barazani, sawasawa na balozi wa nyumba kumi anayetaka kujua mgeni kalala kwa nani.

Mapenzi yao yalikua mbele ya kioo hicho. Koleta alijifunza kwamba maji ya bomba hayamiminwi moja kwa moja. Yanalazwa kwenye pipa mpaka mtu akiyanusa asisikie tena harufu ya dawa. Akajifunza kwamba maji hayabadilishwi yote, unapunguza theluthi na kuacha mengine ili samaki asishtuke. Balozi alilishwa mara moja, jua likizama: vipande vya maini vya ukubwa wa kucha, minyoo, na kumbikumbi mvua zikinyesha. Masalia yaliondolewa kwa kikombe kabla hayajachachua maji. Na juu ya kifuniko kulikuwa na jiwe, kwa sababu kambare akisikia mvua huwa na safari zake.

"Mbona ugali humpi?" Koleta aliuliza.

"Anautaka, lakini tumbo linamvimba. Asiyejua kukataa lazima akataliwe, mpenzi."

"Na mimi je, utanikatalia nini?"

"Wewe nimeshashindwa," alisema Ambrosi, akazamisha mkono majini, na Balozi akaja akauparaza kwa sharubu. Koleta alimpenda mtu huyu. Alimpenda hasa kwa jinsi alivyoweza kutulia mbele ya kitu kisichomfaa kwa lolote.

Mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimechachamaa, Ambrosi alipelekwa Kigoma kutengeneza mabehewa kwa miezi kadhaa. Tangi likahamishwa kwa mkokoteni hadi Ng'ambo, kwenye chumba alichopanga Koleta kwa Bi Fakhria, mjane ambaye wazee wake walifika Tabora kutoka Omani enzi za misafara. Liliwekwa uani, kwenye baraza ya nyuma.

"Samaki gani huyu ananitazama nikitawadha!" Bi Fakhria alilalamika. Lakini kila alipofagia alimwekea mende, na Balozi akazidi kunenepa.

Simu za kutoka Kigoma zilianza na swali lile lile. "Balozi hajambo?"

"Hajambo. Na mimi je, huniulizi?"

"Wewe naogopa kukuuliza, usije ukasema umezoea kukaa bila mimi." Kisha akashusha sauti. "Koleta, nataka mjomba Alois aje kwa mama yako. Tuifanye rasmi."

Koleta alichomoa waya wa mtu mwingine kwa furaha.

Mama yake, Mama Apolinaria, aliteremka na basi la Nzega akiwa na jogoo mkubwa wa kuwachinjia washenga. Alipoliona tangi alisimama akalitazama sana. "Huyu anafugwa wa nini?"

Hapo ndipo Koleta alipokosea. Aliona haya. Mama yake alikuwa amemlea peke yake kwa jembe, na Koleta angemwambiaje kwamba mchumba, mtu mzima mwenye mshahara, anamnunulia samaki maini ili amtazame tu? "Ni hadithi ndefu, mama. Nitakueleza," akasema, na hakueleza.

Washenga walikuwa waje Jumamosi. Lakini Ambrosi alipewa ruhusa ya siku moja tu, Ijumaa, na Koleta alipopokea habari hiyo kwa simu alifurahi hata akasahau kuwa ni Kwaresima. Ijumaa asubuhi alikimbilia zamu yake, akimwacha mama na jogoo ambaye Mkatoliki yeyote asingeweza kumgusa siku hiyo. Mjomba Alois alikuwa katekista kwa miaka na miaka. Kumwekea nyama Ijumaa ya Kwaresima ni sawa na kumfukuza.

Mama Apolinaria alikwenda sokoni. Samaki wabichi walikuwa wamekwisha alfajiri, walibaki dagaa, na washenga hawapewi dagaa. Akarudi nyumbani na kapu tupu, na kule uani akamkuta Balozi kwenye kioo, amenona, amepanuka kifua.

Koleta aliporudi mchana aliwakuta wageni sebuleni. Harufu ya karanga na nyanya ilijaa nyumba nzima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," alijibu mjomba Alois akilamba vidole. "Nyumba hii ina baraka. Ijumaa ya namna hii sijapata kuiona."

Ambrosi, katika shati jeupe lililopigwa pasi ya makaa, alikuwa anafyonza mfupa. Alimnong'oneza Koleta, "Mwambie mama ameniua kwa utamu. Na Balozi hajambo? Natamani kumwona, lakini mama yuko uani."

Asingeweza kwenda. Kwa Wanyamwezi mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso ovyo. Wanapishana mbali, na neno hupitia kwa mtu wa katikati. Koleta alikwenda yeye. Kifuniko kilikuwa pembeni na jiwe lake. Tangini mlikuwa na maji tu, safi kabisa.

Mama alikuwa mkekani, kidole amekifunga kitambaa. "Miiba yake mikali! Kumbe ulikuwa umejitayarisha, mwanangu, unanificha tu. Nilivyoona analishwa maini nikajua huyu ni wa washenga. Wamekula?"

Alikuwa anatabasamu. Koleta alitaka kusema, akakitazama kile kidole, akaghairi. "Wamekula, mama."

Akarudi sebuleni akamwambia Ambrosi, "Hajambo."

Jioni Ambrosi akapanda treni. Ilibaki jibu la upande wa mwanamke, na Mama Apolinaria, kabla ya kurudi Puge, alisema kwake yeye hakuna pingamizi, anangojea tu Koleta atamke. Koleta hakutamka. Alitaka kwanza aseme ukweli, na kila simu ya Kigoma ilipoingia ukweli ulimkwama.

"Balozi anakula?"

"Anakula."

"Maji umepunguza?"

"Nimepunguza."

Alimsikia Ambrosi akifurahi upande wa pili, akajichukia. Mwishowe akamwomba mwenzake wa zamu, Imakulata, awe anashika laini ya Kigoma. "Koleta yuko laini nyingine," Imakulata alijibu, kesho yake tena, na keshokutwa. Mtu aliyepeleka posa, jibu haliji, na mchumba hapokei simu, atafikiri nini?

"Amesema ameelewa," Imakulata alimwambia siku moja akivua visikilizio. "Anakuja Jumamosi kuchukua tangi na samaki wake. Koleta, mwenzio sauti ilikuwa haitoki."

Jumamosi Koleta alikuwa jukwaani kabla ya treni. Ambrosi alishuka na ile bugaluu ya kahawia, amekonda.

"Usingejisumbua," alisema bila kumtazama. "Ningekuja na mkokoteni."

"Hakuna wa kubeba, Ambrosi. Balozi ameliwa."

"Paka?"

"Mjomba wako. Mama. Na wewe. Wewe ulipewa kichwa."

Ambrosi alitua mkoba wake chini. Watu waliwapita pande zote na mizigo yao. "Nilimsifu," alisema baadaye.

"Ukaongeza mchuzi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema pale, mama angeaibika mbele ya mjomba na posa ingekufa. Sikusema, na kesho yake ikawa ngumu zaidi. Sikukukataa, mpenzi. Nilishindwa kukubali huku nakudanganya."

"Mimi nimelala Kigoma nikikulilia wewe," alisema, na macho yakamjaa maji. "Leo unaniambia nianze upya, nimlilie samaki." Akaokota mkoba. "Mama asijue. Itamuumiza. Na wewe niache kidogo."

Alichukua tangi tupu siku hiyo hiyo, akamshukuru Bi Fakhria, akaondoka. Koleta alilia mpaka Bi Fakhria akamletea kahawa. Kisha akakata shauri. Kuficha ndiko kulikomfikisha hapo, naye hakutaka kuficha tena hata kwa kuombwa. Akaomba ruhusa kazini, akapanda basi la Nzega.

Mama Apolinaria alisikiliza yote akichambua mchicha. Koleta alipofika kwenye habari ya kichwa, mama aliacha mchicha ukadondoka. "Mungu wangu! Nimemlisha mkwe mfugo wake mwenyewe! Na akasema ni mtamu?"

"Alisema umemuua kwa utamu."

Mama alijifunika uso kwa khanga. Koleta alidhani analia, mpaka akaona mabega yanatikisika kwa namna nyingine. Halafu mama akainuka, akachukua jembe na debe. "Twende majarubani," alisema. "Na leo usinifiche kitu. Wanafugwaje hawa?"

Ambrosi, aliyekuwa amesharudishwa Tabora kwa kazi yake ya kawaida, alikuwa barazani kwake aliposikia hatua. Alimwona Koleta, na nyuma yake Mama Apolinaria na debe kichwani. Aliruka kama aliyekanyaga kaa, akaingia ndani na kujibanza nyuma ya mlango, kama inavyompasa mkwe.

Mama alitua debe kando ya tangi. Akageuza mgongo, akautazama ukuta.

"Koleta, mwambie mwenzako huyu si kitoweo."

"Anasema huyu si kitoweo," Koleta aliuambia mlango.

Kisha sauti ikatoka ndani, nzito kidogo. "Mwambie mama asante sana. Na mwambie yule wa kwanza alikuwa mtamu kweli."

Mama alicheka akiushika ukuta.

"Na mwambie," sauti iliendelea, "nauliza kama jibu la posa limekuja na debe, au bado."

"Mwambie sisi hatuwabebei watu baki samaki kutoka Puge."

Koleta hakuhitaji kuipeleka hiyo. Mama aliuaga ukuta na kwenda kumngojea barabarani, na Ambrosi akatoka, macho mekundu, akachungulia debeni. Kambare alikuwa mdogo, wa kiganja na nusu, mwenye hasira nyingi.

"Jibu la mama limekuja," alisema. "La kwako?"

"Na mimi nimekubali. Umenisamehe?"

"Njoo tumwingize."

Koleta alivua raizoni zake, akazamisha mkono debeni na kumshika samaki nyuma ya kichwa. Ghafla akakumbuka. "Ngoja! Maji ya tangi umeyalaza?"

"Nimeyalaza."

"Nani alikwambia tunakuja?"

"Hakuna," alisema Ambrosi. "Nilikuwa nayalaza kila siku."