Duka la Kiilu na Karatasi ya Bima

Kiilu alikuwa na duka sokoni Tawa. Aliuza unga, sukari na sabuni. Kanisani alikuwa shemasi, na mistari ya Biblia aliisema bila kukosea. Watu walimsifu. Hawakujua kwamba ameikariri tu. Kiilu hakujua kusoma, na aliona haya kusema, hata kwa mkewe Syokau aliyefika darasa la saba. Karatasi ya bima ya duka aliifungia sandukuni, na ufunguo akakaa nao.

Novemba 1997 mvua ilinyesha bila kupumzika. Jumanne mchana maji yalishuka kutoka mlimani, yakaingia dukani hadi magotini. Ukuta wa nyuma ukaanguka.

Kesho yake mwethya walikuja na majembe. Mwethya ni majirani wanaosaidiana kazi. Hawangoji kuitwa. Walizoa matope, wakatupa unga ulioharibika, wakajenga ukuta upya. Kiilu akawachinjia mbuzi.

Barabara iliyokatwa na mvua ilifunguka baada ya wiki tatu. Kiilu akaenda ofisi ya bima Machakos, akarudi ameinamisha kichwa.

"Wamekataa kulipa," alimwambia Mutie, jirani aliyefundisha watu wazima kusoma. "Na maji kila mtu aliyaona!"

Mutie aliitazama karatasi. "Hapa wameeleza mafuriko ni nini. Ni maji ya mto yakipita kingo, ama maji ya mvua yakitiririka juu ya ardhi na kuingia ndani. Paa likivuja, hayo si mafuriko. Yako yalikuwa mafuriko kabisa."

"Sasa mbona wamekataa?"

"Soma hapa chini, shemasi."

Kiilu aliikodolea macho. Jasho likamtoka. Syokau, aliyesimama karibu nao, akaichukua polepole mkononi mwa Kiilu, akasoma: "Toa habari ndani ya siku saba. Usiondoe wala kutengeneza kitu kabla mtu wa bima hajaona."

Kisha akamtazama mumewe. "Baba Mutindi, hii imekaa sandukuni miaka minne, na mimi niko hapa?"

Kiilu alitamani ardhi immeze. "Sijui kusoma," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyatamka maneno hayo.

Wiki iliyofuata alianza darasa la Mutie. Alikaa nyuma kabisa, amejikunyata.

Mei maji yaliingia tena. Mwethya wakaja na majembe. Kiilu akasimama mlangoni.

"Ngojeni. Msiguse kitu."

"Shemasi, unatufukuza?" aliuliza Mbula, mama mjane aliyewaongoza.

"Hapana, mama. Mwaka jana mlinisaidia vizuri, lakini mtu wa bima hakupata kitu cha kuona. Kosa ni langu. Sikujua kusoma karatasi yangu. Hata Biblia huwa naisema kwa kukariri tu."

Watu wengine walitazama chini. Kiilu alisikia uso ukimwaka, lakini hakuondoka mlangoni.

Siku hiyohiyo Syokau alienda Machakos kutoa habari. Siku ya tatu mtu wa bima alifika. Alipima alama ya maji ukutani, akahesabu magunia yaliyolowa. Alipoondoka, mwethya wakaanza kazi. Mwezi uliofuata bima ililipa, na duka likajaa tena.

Jioni moja Mbula alikuja dukani. Hakununua kitu. Alingoja wateja waishe.

"Shemasi," alisema kwa sauti ya chini, "nina barua ya shamba tangu mzee wangu afariki. Hakuna mtu amewahi kunisomea. Niliona haya kuuliza."

Kiilu akamvutia kiti.

"Njoo nayo Jumatatu darasani," alisema. "Ukae karibu na mimi."