Jina Juu ya Wimbo

Kila Jumamosi, nikishamaliza kufua sare, nilikimbia kutoka nyumbani kwetu Malangali kwenda parokiani, mazoezi ya kwaya. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mwalimu Kashinje ndiye aliyenifundisha nota, na leo watu wakiniita mtunzi, namkumbuka yeye kwanza. Lakini mwaka ule nilimdhania kuwa mwizi.

Nilikuwa nimetunga wimbo wangu wa kwanza, nikampa daftari aukague. Wiki tatu, kimya.

"Mwalimu, daftari langu?"

"Subiri, Jovina."

Rafiki yangu Salome akaninong'oneza, "Usubiri nini? Wimbo umeshaenda huo!"

Jumamosi iliyofuata mwalimu alinituma chaki ofisini. Mezani nikakuta wimbo wangu, ameunakili kwa penseli kwa mwandiko wake mzuri. Juu pameandikwa "Mtunzi:" halafu patupu. Kumbe anataka kuweka jina lake!

Nikachukua ufutio. Kwenye mstari wa besi nikafuta do moja, nikaweka fa, pale pale soprano wanapoimba mi. Sauti hizo mbili haziivi chungu kimoja kabisa. "Haya, jiite mtunzi," nikawaza, "uaibike."

Wiki iliyofuata tukagawiwa nakala thelathini. Tukaimba. Kufika pale, kila mtu akakunja uso.

"Besi!" mwalimu akafoka. "Rudieni!"

Wakarudia mara nne. Fabiani, dereva wa bodaboda mwenye besi nzito, jasho likamtoka. Akina alto wakamcheka: "Fabiani, hiyo ni sauti au honi ya lori la mpakani Kasesya?"

"Jamani, naimba kilichoandikwa!"

Mwalimu akaitazama karatasi, kisha akatoa kalamu. "Wimbo huu ni wa Jovina. Jina sijaandika, kwa sababu mtunzi anaandika mwenyewe, akishausikia wimbo wake ukiimbwa. Njoo, mama. Lakini niambie kwanza: fa hii ni yako, au nilikosea mimi kunakili?"

Ningesema amekosea yeye, yangeisha. Jina langu lingekaa juu ya wimbo, tena angeniomba radhi. Nikamwona Fabiani anajifuta jasho kwa kola ya shati.

"Nimeiweka mimi, mwalimu. Makusudi. Nilidhani unaniibia wimbo."

Salome akainamia viatu vyake.

"Weee!" Fabiani akasema. "Kumbe nimehenyeshwa na katoto!"

"Nisamehe, kaka Fabiani."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alinipa kalamu na nakala zote thelathini, nikasahihisha moja moja, kwaya nzima ikinisubiri. Tulipoimba tena, besi ya Fabiani ilitetemesha madirisha. Ndipo mwalimu akanisogezea karatasi yake.

"Ukimshuku mtu, muulize, usimtegee mtego," akasema. "Na ukiweka jina juu ya wimbo, unazibeba nota zote, hata ile unayoionea aibu. Sasa andika."

Nimetunga nyimbo nyingi tangu siku hiyo. Jina huwa naliandika mwisho, besi wakishaimba.